Likasi: kabla ya kufungua kulasi, fundi asome mvuto wa moteri na asisahau mwinuko wa mji

Asubuhi katika garaji za Kikula au Panda, mjini Likasi, mambo hufanana. Gari imeletwa ikitetemeka, kapo imeinuliwa, vijana wawili watatu wameinama juu ya moteri, na mwenye gari amesimama pembeni, simu mkononi, akihesabu. Kisha fundi anainua kichwa: «Papa, hii ni kulasi. Tufungue.» Na papa anajua maana ya neno hilo kufungua: jwenti mpya, kazi ya tornere, mafuta mapya ya moteri, siku kadhaa bila kuingiza franka hata moja ikiwa gari ni ya teksi, na pesa za minervali ya watoto zikigeuka kuwa vipuri.

Mara nyingine ni kulasi kweli. Mara nyingine ni kampira kadogo kalikopasuka nyuma ya moteri, mahali ambapo hakuna aliyetazama. Dalili ni zile zile: gari inatetemeka ikisimama, haina nguvu mlimani, inakula esansi.

Ipo zana ndogo inayoweza kutenganisha mambo hayo mawili kwa muda wa dakika chache, bila kulegeza hata bulo moja. Ni saa ya mviringo yenye mshale mmoja na mpira mmoja mrefu. Vitabu vya Kifaransa vinaiita depresyometa. Katika lugha ya kawaida ni manometa ya mvuto. Ni zana ya enzi za karburateri na delco, haiombi batri wala intaneti, na bei yake haifikii hata kidogo bei ya kufungua moteri bure. Lakini kwa fundi wa Likasi ina mtego mmoja, ambao maelezo yaliyochapishwa kwenye boksi lake mara nyingi hayautaji: alama zilizochorwa usoni mwake zimepangwa kwa ajili ya mtu anayeishi karibu na bahari.

Moteri ni pampu

Ili kuelewa mshale unasema nini, inafaa kuitazama moteri ya esansi kama pampu. Kila pistoni inaposhuka huku supapu ya kuingiza ikiwa wazi, inavuta hewa. Lakini mlango wa hewa hiyo, kile kibao cha mviringo kiitwacho papiyo, unakaa karibu umefungwa wakati moteri iko ralanti, yaani inazunguka polepole bila mguu kwenye pedali. Pistoni zinavuta, mlango umebanwa. Mtu anayenyonya mrija ulioziba anahisi mashavu yake yakiingia ndani; ndivyo inavyokuwa ndani ya kolekta, lile bomba linalogawia silinda zote hewa. Kanieneo ya hewa humo inakuwa ndogo kuliko ya nje. Manometa inapima tofauti hiyo: ya nje ukitoa ya ndani.

Moteri nzima inavuta kwa nguvu na kwa usawa, na mshale unatulia kama umegandishwa. Segma zikilika, supapu moja isipofunga vizuri, cheni ikiruka jino, au hewa ikipenya mahali pasipofaa, mvuto unapungua au unayumba. Ndiyo sababu saa moja inaweza kutoa habari za sehemu nyingi za moteri.

Kipimo chake huandikwa kwa sentimita za zebaki, ile merkiri inayojulikana na wachimbaji wa dhahabu, au kwa inchi zake. Inchi moja ni sentimita 2.54. Kipimo hicho kina asili ya zamani. Mwaka 1644 Muitalia Evangelista Torricelli alieleza jinsi hewa inavyosukuma zebaki ndani ya mrija wa kioo mpaka kimo cha sentimita 76 hivi. Miaka minne baadaye, Septemba 1648, Florin Périer, shemeji wa mwanazuoni Blaise Pascal, alibeba mrija wa namna hiyo mpaka kilele cha mlima Puy de Dôme nchini Ufaransa. Zebaki ilishuka kwa zaidi ya sentimita 8. Ilionekana wazi kwamba juu mlimani hewa ni kidogo kuliko bondeni.

Kilele cha Puy de Dôme kiko mita 1,465 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na maji ya ziwa Kivu. Kwa maneno mengine, watu wa Goma na Bukavu wanaishi kwenye kimo kile ambacho Périer alikipanda kwa miguu ili ajionee hewa ikipungua. Likasi iko chini kidogo, kwenye mita 1,300 hivi. Hapa hewa haisukumi zebaki sentimita 76. Inaisukuma karibu sentimita 65.

Hesabu ya fundi

Hizo sentimita 11 zinazokosekana ndizo zinazoponza moteri. Moteri iliyo ralanti inahitaji kiasi fulani cha hewa ili ijizungushe tu, na kiasi hicho hakibadiliki sana kutoka mji hadi mji. Tuseme ndani ya kolekta inabaki kanieneo ya sentimita 28. Dar es Salaam, penye bahari, manometa itaonyesha 76 kutoa 28, yaani 48. Likasi, moteri ile ile, na uzima wake wote, itaonyesha 65 kutoa 28, yaani 37.

Sasa tazama uso wa saa. Katika nyingi, sehemu ya kijani iliyoandikwa kwamba moteri ni nzima huanza kwenye sentimita 43 na kuishia 56, yaani inchi 17 hadi 22. Kwenye 37 mshale uko nje ya kijani. Na mara nyingi eneo hilo limeandikwa maneno ya kutisha: moto wa buji unachelewa.

Fundi anayeamini maandishi atafanya nini? Kwenye gari ya zamani yenye delco atalegeza delco na kuizungusha ili moto uwahi. Mshale utapanda kweli, kwa sababu kuuwahisha moto huongeza mvuto wa ralanti. Ataendelea kuzungusha, akiufukuza ule ukijani ambao Likasi haupo. Gari itaondoka garajini ikilia vizuri. Kesho yake, kwenye mlima, na abiria sita ndani, moteri itaanza kugonga kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Asubuhi, demareri itakuwa nzito, moteri inapiga kinyume. Moteri ikiendelea kugonga hivyo, pistoni zinapata mashimo na jwenti ya kulasi inaungua. Hapo ndipo ile kulasi iliyokuwa nzima inapokufa, na aliyeiua ni chombo kilichonunuliwa ili kuiokoa.

Kwenye gari za sasa zisizo na delco hatari ni ya namna nyingine. Fundi hawezi kuzungusha kitu, basi anahukumu: «Moteri haina nguvu ya kuvuta, segma zimekwisha.» Gari nyingi za Haut-Katanga hununuliwa zikiwa zimekwisha kutumika Japani, zinashushwa bandarini Dar es Salaam, zinavuka Tanzania na Zambia na kuingilia Kasumbalesa. Ile iliyopimwa bandarini ikaonyesha 48 itaonyesha 37 ikifika Likasi. Haikuharibikia njiani. Imepanda tu.

Kanuni ni nyepesi, na inaweza kuandikwa kwa kalamu nyuma ya saa: kwa kila mita 300 za mwinuko, ondoa sentimita 2.5, au inchi moja. Kwa Likasi hiyo ni karibu 11. Kijani cha Likasi kinaanza 32 na kuishia 45. Kwa Goma na Bukavu ondoa 12 na nusu. Kwa Kalemie na Uvira, kando ya Tanganyika iliyo kwenye mita 770 hivi, ondoa 6 na nusu tu.

Hewa hiyo pungufu haibadilishi tu usomaji wa saa. Kwa mwinuko wa Likasi, moteri ya esansi isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya saba ya nguvu iliyoandikwa katika karatasi zake. Mtu anayelalamika kwamba gari yake mpya ni nzito kuliko alivyoahidiwa, huenda anailaumu bure.

Mshale unavyocheza

Namba ni nusu ya habari. Nusu nyingine, na labda iliyo bora, ni jinsi mshale unavyocheza, na hiyo haijali kama uko Likasi au Mombasa.

Kwanza masharti. Moteri iwe imepata moto wake wa kazi, taa na klima vimezimwa, ralanti iko sawa. Mpira wa manometa unaunganishwa kwenye kamdomo ka kolekta kaliko baada ya papiyo, si kabla yake. Kabla ya papiyo hakuna mvuto wa maana, na fundi atasoma sifuri kwenye moteri nzima.

Mshale uliotulia lakini uko chini, tuseme 25 badala ya 37, unasema tatizo ni la moteri yote pamoja, si la silinda moja. Inaweza kuwa moto unaochelewa, cheni au mkanda wa supapu ulioruka jino, segma zilizolika zote, au hewa inayopenya. Hapa mafundi wengi wanaharakia jibu la gharama. Ni heri kuanza na la bei ndogo. Fundi anabana mipira ya hewa mmoja mmoja kwa koleo, polepole, akitazama saa. Mpira ukibanwa na mshale ukaruka juu, mwizi amekamatwa: ama mpira wenyewe, ama kile unachokilisha. Kwa jwenti ya kolekta, ambayo haiwezi kubanwa, maji kidogo yanayorushwa kwa sindano ya hospitali kwenye ukingo wake yanatosha. Maji yakifunga ufa, mshale unashtuka. Wapo wanaomwagia esansi ili wasikie moteri ikibadilisha sauti. Njia hiyo inafanya kazi, na pia imekaa karibu sana na bomba la moshi lenye moto.

Mshale unaotulia kisha kuanguka, kutulia kisha kuanguka, kwa mwendo ule ule kama mtu anayekonyeza jicho, ni habari tofauti. Silinda moja ina shida. Anguko la sentimita 5 hadi 10 kwa kawaida ni supapu iliyoungua au isiyokaa vizuri mahali pake. Anguko kubwa sana, la nusu ya njia na zaidi, linaelekeza kwenye jwenti ya kulasi iliyopasuka kati ya silinda mbili jirani. Hapo sasa neno kufungua lina haki yake, na fundi anaweza kumwonyesha mwenye gari kwa kidole: «Papa, tazama mwenyewe.» Ili kujua ni silinda gani, anakata moto wa buji moja moja, ile isiyobadilisha chochote ndiyo mgonjwa. Kwenye magari mapya anachomoa ile plagi ndogo ya waya wa koili na kuacha koili yenyewe mahali pake, kwa maana cheche zisizo na pa kwenda zinaweza kuiharibu.

Mshale unaotangatanga polepole bila mpangilio, kwenda na kurudi, mara nyingi ni habari ya karburateri au ya mchanganyiko wa esansi na hewa. Ule unaotikisika haraka haraka kwenye ralanti na kutulia moteri ikipandishwa ni wa gidi za supapu zilizolika. Ukifanya kinyume, ukatulia chini na kuchanganyikiwa juu, ni springi za supapu zilizochoka.

Segma zina kipimo chao. Mkono unafungua papiyo ghafla na kuiachia. Mshale unaanguka karibu na sifuri, kisha unaruka juu ya mahali pake pa kawaida kwa sentimita 8 hadi 12 kabla ya kurudi kutulia. Moteri yenye segma zilizolika inaanguka vizuri, lakini ikirudi haina mruko. Inapanda kama mzee kwenye ngazi. Anayenunua gari ya mitumba anaweza kuomba jaribio hilo lifanyike mbele yake. Halichukui hata dakika moja, na rangi mpya haiwezi kulidanganya.

Kipo pia kizibo cha bomba la moshi, ugonjwa ambao umefungulisha moteri nyingi bila sababu. Ndani ya gari za kisasa kuna katalizeri, kama sega la nyuki, inayosafisha moshi. Ikiyeyuka au kuziba, moteri haina pa kutolea pumzi. Gari inawaka vizuri, inatulia ralanti, lakini mlimani inakufa nguvu kabisa. Kwenye manometa dalili yake haifichiki: ralanti mshale uko sawa, moteri ikishikiliwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, mshale ambao ungetulia unaanza kushuka, kidogo kidogo, sekunde baada ya sekunde, kama maji yanayotoka kwenye ndoo iliyotoboka. Hapo kulasi haina kosa lolote.

Mvuto huo huo unashika freni

Jambo moja halihusu pesa peke yake. Katika gari nyingi za esansi, mvuto huo wa kolekta ndio unaosaidia mguu wa dereva kufunga freni. Mpira mnene unatoka kwenye kolekta mpaka kwenye servofreni, lile duara kubwa jeusi nyuma ya pedali. Mpira huo ukipasuka, mambo mawili yanatokea pamoja: ralanti inaanza kutetemeka na pedali ya freni inakuwa ngumu kama jiwe. Gari bado inaweza kusimama, lakini mguu unaomba nguvu nyingi zaidi na gari inaomba urefu zaidi wa barabara. Kwenye barabara ya kitaifa nambari 1, kati ya malori yanayotoka Kolwezi na yale yanayopanda kutoka Lubumbashi, urefu huo mara nyingi haupo.

Dereva anayekuja garajini na kusema gari inatetemeka aulizwe basi mara moja hali ya freni. Na mtihani wa nyumbani upo: moteri imezimwa, pedali ikanyagwe mara kadhaa mpaka ikaze, kisha mguu ubaki juu yake huku moteri ikiwashwa. Pedali ikishuka kidogo yenyewe, servofreni inapata mvuto wake. Isiposhuka, safari isubiri.

Mahali saa inaponyamaza

Malori hayo yenyewe, yanayobeba shaba na kobalti mchana na usiku, hayana faida kubwa na zana hii. Moteri ya mazutu haitumii papiyo kubana hewa kama ya esansi; inavuta hewa wazi na kudhibiti mazutu tu. Kolekta yake haina mvuto wa kusoma. Fundi anayechomeka manometa kwenye moteri ya Land Cruiser ya mazutu na kusoma sifuri asimtishe mwenye gari. Kwa moteri hizo manometa inafaa kupima pampu ya mvuto inayolisha servofreni, basi.

Skana nazo zimeingia, hata zile ndogo zinazoongea na simu. Wengine wanaona zimeiondoa kazini saa ya zamani. Ukweli ni kwamba zinasaidiana. Skana itasema silinda ya 3 haiwaki. Haitasema kama ni buji, supapu, au jwenti. Mshale ndio utasema. Na gari zenye kihisi cha kanieneo ndani ya kolekta zina manometa yao wenyewe tayari, ila inahesabu kwa kilopaskali na kwa kuanzia sifuri halisi. Kontakti ikiwashwa kabla ya moteri kuzunguka, kihisi hicho kinapima hewa ya mji: Dar es Salaam kitaonyesha 101 hivi, Likasi karibu 87. Kikionyesha 101 Likasi, kihisi kimekufa, na kompyuta ya gari inamwaga esansi kwa hewa isiyokuwepo.

Likasi ni mji uliolelewa na chuma. Tangu ulipokuwa ukiitwa Jadotville mpaka 1966, chini ya Union Minière na kisha Gécamines, viwanda vya Shituru na karakana za Panda vilihitaji watu wanaopima kabla ya kukata. Kwa garaji za leo, kupima huko kunaanza na kazi ya dakika kumi tu: kuchukua gari tatu nne ambazo kila mtu anajua ni nzima, kuziweka manometa moja baada ya nyingine, na kuchora kwa kalamu isiyofutika, juu ya kioo cha saa, mahali mshale unaposimama. Alama hiyo itamfaa fundi kuliko kijani cha kiwandani. Akihamia Kalemie, aifute na kuchora nyingine.